Kuku wa Sista Paulina

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki hapa Iringa kuchukua dawa zangu za presha. Binti aliyekuwa dirishani, msichana mpole, sare yake imenyooshwa vizuri, aliniinulia macho mara moja tu akasema, "Bibi, wewe ndiye Mama Sanga?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mjukuu wangu."

Mimi si Mama Sanga. Sijaolewa kwa akina Sanga wala sina undugu nao. Nilisema ndiyo kwa makusudi, maana uzee umeniachia vitu vichache vya kujifurahisha, na ukorofi ni kimojawapo. Akanipa mfuko wa dawa, akanieleza vizuri sana namna ya kuzimeza, akanitakia siku njema. Nilifika mpaka mlangoni, kisha nikarudi na kuuweka ule mfuko mbele yake. Nikamwambia, "Hizi ni dawa za kisukari, na mimi kisukari sina. Mjukuu wangu, unadaiwa kuku."

Akamgeukia mwenzake. Nilijua wanawaza nini: bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Nikachukua dawa zangu nikaondoka bila kueleza, lakini njiani nikajiona nimekosea kuondoka hivyo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ninyi mnaovaa sare sasa mmesoma kuliko tulivyosoma sisi, na sitawafundisha mambo ya vitabuni. Nitawaeleza habari za kuku huyo, alivyoingia katika kazi ya uuguzi, na kwa nini mpaka leo siwezi kumwuliza mgonjwa "wewe ndiye fulani?"

Miaka ya sabini nilikuwa nesi kijana, Mhehe wa huku Iringa, nikapangiwa kazi Mbeya. Hospitali sitaitaja, na majina ya watu nimeyabadilisha. Nilidhani ninaijua baridi, mpaka nilipokutana na ile ya Mbeya ya mwezi wa Juni. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tunayachemsha asubuhi kwenye chombo cha maji, na sisi manesi tulikuwa tunagombania kukishika kifuniko chake ili vidole vipate joto. Nesi mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kupima dawa sawasawa. Hilo hamtalikuta katika mtihani, lakini ni kweli.

Mkuu wa wodi ya watoto alikuwa Sista Paulina. Tulimwita Sista kwa cheo tu. Hakuwa mtawa, alikuwa na mume na nyumba iliyojaa watoto. Alikuwa Mbena wa Njombe, mwembamba, na anatembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kusoma kibandiko cha dawa mara tatu: unapoitoa kabatini, unapoimimina, na unapoirudisha. Ukimwambia umeshasoma, anaigeuza chupa kibandiko kielekee ukutani, anakuuliza, "Hii nini?" Ukitaja jina kwa kuangalia rangi, umekwisha. "Umeisoma, au umeikumbuka tu?" Anakuambia uirudishe kabatini uanze upya, mbele ya wagonjwa, na wagonjwa wanacheka. Nilimchukia kwa majuma kadhaa. Baadaye nikaona kwamba mikono yangu inasoma yenyewe hata nikiwa nimechoka, nikaacha kumchukia.

Alikuwa na sababu. Siku hizo mgonjwa alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Dawa ya maji tunayo kwenye pipa, chupa hatuna. Kwa hiyo tulimimina dawa kwenye chupa za soda, za mafuta ya kula, za pombe kali, na nyingine sikutaka hata kuzinusa. Baba mmoja wa Iyunga alipewa dawa ya kupaka ya upele, ikatiwa kwenye chupa ya soda aliyokuja nayo. Akaenda nyumbani, akainywa. Alitapika mpaka akakonda, lakini Mungu alimponya. Tulipomwuliza kwa nini, alituona sisi ndio wenye matatizo. "Kwenye chupa ya soda kunatoka nini, nesi? Si soda?" Kuanzia siku ile Sista Paulina akakataza dawa ya kupaka kutoka mlangoni ndani ya chupa ya kinywaji. Tukaanza kuokota makopo ya maziwa ya unga kila mahali, tunayaosha, tunatilia humo. Kopo hakuna anayelitia mdomoni.

Na nilipopelekwa Rujewa kusaidia kwa muda, nikakutana na mzee mmoja wa Kisukuma, katika wale waliohamia na ng'ombe wao kwenye mbuga za Usangu. Nilimpa vidonge vya kutosha kifua chake. Akarudi mapema kuliko nilivyomtarajia, anataka vingine. Vile vimekwenda wapi? Akanieleza bila aibu kwamba nusu amempa ndama. "Naye alikuwa anakohoa, nesi. Na yeye ni yatima, mama yake amekufa." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua sikumwuliza ana nani nyumbani. Watu wetu hawali peke yao. Ukimpa mtu dawa, umeipa nyumba nzima, pamoja na zizi.

Hayo yote ni makosa ya mbali, yanatokea mgonjwa akishatoka machoni petu. Kosa la kuku lilitokea mchana, chini ya pua zetu, mikononi mwa mtu aliyekuwa makini kuliko sisi sote.

Ilianza na mama mmoja kijana anaitwa Subilaga, Mnyakyusa wa milimani upande wa Tukuyu. Alileta mtoto wake wa kiume mwenye homa ya mapafu. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja naye, akaandikisha jina la mtoto mapokezi, akarudi nyumbani kuangalia shamba. Mtoto aliandikwa Asajile Mwakalobo. Walimpa jina la babu yake, yaani baba mkwe wa Subilaga, jina lote kama lilivyo.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa desturi ya kwao, mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Akimwona njiani anapita pembeni, anajifunika. Na jina lake hamtaji kabisa, hata kama amepewa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Sisi Wahehe nasi tuna heshima ya mkwe, lakini ile ilinizidi kimo. Kwa hiyo Subilaga alimwita mwanawe "Baba". Manesi walipokwenda na dawa na kumwuliza, "Mtoto anaitwa nani?" alitazama sakafu. Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyemjibia kila siku: "Huyo Asajile." Wengine walimwona mshamba, asiyejua jina la mtoto wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, hakuweza kujieleza, nao hawakumwuliza mtu mwingine.

Mwisho wa juma moja Sista Paulina alikwenda msibani Njombe. Akiwa huko, Asajile alichomwa sindano ya penisilini, ile nyeupe kama maziwa. Mara uso ukavimba, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Daktari aliyekuwepo alimwokoa kwa shida. Akaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu asipewe penisilini tena, akambadilishia dawa ya kunywa. Mtoto akaanza kupata nafuu. Yule mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anamjibia Subilaga, akaruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto wake. Na jioni hiyo hiyo akaletwa mtoto mwingine mwenye homa ya mapafu, kutoka Kyela, naye anaitwa Asajile, wa ukoo mwingine. Huyu aliandikiwa penisilini. Akapewa kitanda cha mlangoni.

Sasa, wodi yetu ilikuwa na tabia ya kujipanga upya kila siku. Akina mama walihama vitanda bila kutuuliza: Wasafwa wanatafuta Wasafwa wenzao, mwenye mtoto wa kuhara anasogea karibu na mlango, wengine wanafuata jiko la mkaa. Yule mama wa Kyela alikuwa mtu mzima, ametoka kwenye joto la ziwani, na hapo mlangoni upepo ulikuwa unampiga. Subilaga akamwonea huruma. Kijana hawezi kukaa penye joto huku mkubwa anatetemeka. Akampisha kitanda chake karibu na jiko, yeye akahamia mlangoni. Ni adabu nzuri kabisa, na ilikaribia kumuua mtoto wake.

Asubuhi Sista Paulina alirudi kutoka msibani, macho mekundu, akaingia kazini moja kwa moja bila kungoja taarifa za wodi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudishwa kutoka wodi ya wanaume, nilikoazimwa kwa muda, watoto wale siwajui hata mmoja. Alichukua kadi ya Asajile wa Kyela, ni kadi sahihi. Akatoa penisilini, akaisoma mara tatu, nilimwona. Akapima sawasawa. Akaenda kitanda cha mlangoni kama kadi ilivyosema. Yule mama wa Kyela alikuwa nje, anaanua nguo na mtoto mgongoni.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

Subilaga akatazama sakafu.

Sista akawageukia wanawake wengine. "Huyu ndiye Asajile?"

"Ndiyo, Sista, ndiye," akajibu mmoja. Na hakusema uongo.

Mimi nikaushika mguu wa mtoto. Sista akaliinua bomba, na Subilaga akaiona ile dawa nyeupe. Akasema, "Hapana, Sista."

"Hapana nini?"

"Hapana sindano."

Mnajua wenyewe, hakuna mama anayependa sindano ya mwanawe. Tulisikia hapana hizo kila siku. Subilaga akaanza kusema kwa Kinyakyusa, haraka haraka, anaonyesha uso wa mtoto, anavimbisha mashavu yake mwenyewe kama mtu anayepuliza moto. Mimi Mhehe, Sista Mbena, hakuna aliyeambulia kitu, na hatukungoja mtu atutafsirie. Nilidhani anatuiga jinsi mtoto atakavyolia. Sista akamwambia, "Mama, jina la mwanao hutaki kulisema, leo umekuwa daktari?" Akapangusa ngozi kwa pamba.

Subilaga alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mguu ukanichomoka mkononi. Akafumba macho. Akapiga kelele, "Asajile Mwakalobo! Huyu Asajile Mwakalobo! Mwakalobo! Ile ya mwingine!"

Mama mmoja wa Kinyakyusa akajiziba mdomo kwa kanga, mwingine akageukia ukutani. Bibi mmoja aliyejua Kiswahili akatuambia kwa sauti ndogo, "Amemtaja mkwe wake. Mbele ya watu."

Sista Paulina alilirudisha bomba kwenye trei. Akaenda mezani, akapekua kadi, akaikuta nyingine yenye jina la Asajile, na ule wino mwekundu. Aliporudi, alikuwa amezishika kadi zote mbili. Akaniambia, si kwa kujitetea, kama mtu anayejishangaa, "Dawa nimeisoma mara tatu. Mtoto sikumsoma hata mara moja."

Subilaga alikuwa analia. Nilikwenda kumwambia asilie, mtoto ni mzima, hajaguswa. Yule bibi akanivuta. Halii kwa ajili ya sindano, akasema. Analia kwa sababu habari itafika nyumbani kabla yake, na mke aliyemtaja mkwe hadharani hawezi kuingia tu katika ua ule kama hakuna lililotokea. Anaweza hata kurudishwa kwa baba yake, na mtoto akabaki kwa wenyewe, ukoo wa mumewe. Alikuwa amemwokoa mwanawe kwa kitu ambacho kingeweza kumtenganisha naye.

Mchana huo huo Sista alichukua plasta, ile nyeupe ya kufungia vidonda, akaikata vipande. Kila mtoto akafungwa kipande mkononi chenye jina lake, jina la ukoo, na kijiji anakotoka. Mtoto asiyestahimili dawa fulani akaongezewa uzi mwekundu. Akatuambia, "Kitanda kinahama. Kadi inalala mezani. Mkono wa mtoto hauhami." Kesho yake asubuhi alimwendea Subilaga, akamwuliza kama kawaida, "Mtoto anaitwa nani?" Subilaga akaunyanyua mkono wa mwanawe, akamwonyesha.

Kuna mahali, nasikia, ambako siku hizi mnafunga utepe wa plastiki na kuona ni jambo jipya. Sawa. Wetu ulikuwa unatoka mtoto akioga, tunaandika upya.

Mtoto akapona. Daktari akawaruhusu. Subilaga akafunga mzigo wake, akakaa barazani, na hakuondoka. Kesho yake yupo. Tukamwachia chakula cha wodi. Kisha akaja wifi yake na habari: mzee amesikia, na mzee anakuja mwenyewe.

Alikuja kweli. Mzee mrefu, koti refu, mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu, mwavuli mkononi. Hakufika barazani, kwa kuwa mkwe wake alikuwa hapo. Alisimama kule nyuma karibu na jiko la wagonjwa, akatuma aitwe mkubwa wa manesi. Sista Paulina akanichukua twende wote. Nadhani alitaka shahidi, au alitaka mtu wa kumshika akianguka.

Akamsalimia, akasema, "Mzee, mkweo hana kosa. Kosa ni letu."

Mzee akauliza, "Alilitaja kwa sauti?"

"Kwa sauti, mzee."

"Watu walisikia?"

"Wodi nzima."

Mzee akachora chini kwa ncha ya mwavuli. "Nesi, mimi nakuuliza. Mtu akimsukuma mwenzake, yule aliyesukumwa akamwangukia mzee. Nani ataomba radhi?"

Sista akafikiri. "Aliyesukuma."

"Haya. Kwetu radhi ya namna hii inaletwa na kuku. Na kuku huyo hatatoka kwa mke wa mwanangu. Atatoka kwako." Akafungua mwavuli ingawa mvua haikuwepo, akaondoka zake.

Sijui kama ndivyo wanavyofanya Wanyakyusa wote; ninaandika nilichokiona katika ua ule. Nilitegemea Sista atakasirika. Alikuwa mtu wa kujisikia, Sista Paulina, na kuna wakubwa pale hospitali waliomwambia aachane na mambo ya kienyeji, mtoto si amepona? Yeye akasema mtoto amepona, mama yake bado. Siku yake ya mapumziko akanunua kuku sokoni, akavaa sare yake nyeupe yote, kofia na viatu, akamtia kuku kwapani, tukapanda basi la Tukuyu pamoja na Subilaga na mtoto. Kondakta akamwuliza, "Sista, huyo mgonjwa amelazwa au anarudi nyumbani?" Basi zima likacheka. Kabla hatujafika kuku alikuwa ameshaichafua sare, na Sista akaipangusa kwa leso yake.

Nyumbani kwa mzee watu walikuwa wamekusanyika, mabenchi yamepangwa. Subilaga na mtoto walibaki nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sista akasimama katikati na kuku wake. Mzee hakumpokea.

"Wewe ni nani?" akamwuliza, ingawa walishaonana.

Sista akataja jina lake, la baba yake, na kijiji chake huko Njombe.

"Na kuku huyu ni wa nini?"

Ukubwa ni jaa, walisema wahenga, na siku hiyo niliona jaa lenyewe. Sista angeweza kusema ni wa heshima tu, wakamaliza. Alivuta pumzi akasema, "Nilitaka kumchoma mjukuu wako sindano ya mtoto mwingine, sindano ambayo ingemuua. Mama yake aliniambia hapana, sikumsikiliza. Hakubakiwa na njia nyingine ila kukutaja."

"Rudia," akasema mzee. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Akarudia. Neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sioni aibu kuliandika. Mzee akamchukua kuku, akampa mkewe. Yule mama mkwe akazunguka nyuma ya nyumba mwenyewe, akarudi na mjukuu mgongoni, na nyuma yake Subilaga akapita pembeni, amejifunika, akaingia nyumbani kwake. Mzee akaushika mkono wa mtoto, akaisoma ile plasta polepole, akacheka. Tukapewa ndizi na maziwa ya mgando, na nyingine za kubeba mpaka tukashindwa.

Nimefanya kazi hii mpaka nikastaafu. Nimeona makosa yaliyofichwa, makosa yaliyobebeshwa wagonjwa, makosa yaliyozikwa pamoja na watu. Mficha uchi hazai, na wodi inayoficha makosa yake haijifunzi. Tangu siku ile katika wodi ya Sista Paulina, aliyekosea alisema mwenyewe asubuhi mbele ya wenzake, na sisi tukaliita jambo hilo "kutoa kuku". Hakuna aliyecheka, maana Sista mwenyewe alikuwa ametoa wa kwanza. Na hatukumwuliza tena mgonjwa swali la kujibiwa ndiyo. Huku kwetu mtu wa koti jeupe akikuuliza ndiyo, unampa ndiyo yake. Ni heshima, si jibu. Mwache ataje jina lake mwenyewe. Akinyamaza, usimcheke, tafuta sababu ya kunyamaza. Na mama akikwambia hapana, weka sindano chini kwanza. Itakusubiri.

Juzi nimerudi kliniki. Binti ni yule yule. Safari hii akaniuliza, "Bibi, jina lako kamili ni nani? Unatoka mtaa gani?" Nikamjibu vizuri. Akanipa dawa zangu, kisha akainama dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule kuku, Bibi? Nikuletee lini?"

Nikamweleza kwa kifupi haya mliyoyasoma. Kisha nikamwambia kuku si wangu. Siku ile Mama Sanga alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, mama wa watu amechoka, na dawa za uhai wake nilikuwa nimezishika mimi nikielekea mlangoni. Yeye ndiye wa kupelekewa kuku, na wa kuambiwa kwa mdomo ilikuwaje.

"Peke yangu, Bibi?"

"Hapana," nikamwambia. "Nusu ya kuku ni yangu. Mimi ndiye niliyesema ndiyo."